Vituo vya ubunifu vyuoni Nyanda za Juu Kusini: meza tumepewa, mteja wa kwanza tunamtoa wapi?

#1 FundiNzovwe

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, asiye na bando arudi usiku.

Nina karakana ndogo ya kuchomelea hapa Mbeya, na kwa kuwa vyuo viko jirani, vijana wa mwaka wa mwisho hawakauki mlangoni. Anakuja na mchoro kwenye simu, anataka nimkunjie bati, nimtobolee flenji, nimchomelee fremu, na bei iwe ile ya "kaka nisaidie, bumu bado halijaingia" (bumu ni ile hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi). Kwa hiyo haya mambo ya vituo atamizi, vile vya kulea biashara changa, nayaona kwa upande wa nyuma, ule ambao mgeni rasmi hapitishwi.

Kilichonifanya nifungue uzi ni mashine ya kumenya viazi. Vijana watatu waliibuni kwa ajili ya wakaanga chipsi wa Mwanjelwa. Ni ngoma ya chuma cha pua, ukuta wake umetobolewa kwa msumari kutoka nje ili ndani vibaki vijimeno vya kukwangua. Chini kuna sahani inayozungushwa na mota, maji yanaingia kwa juu na kutoka na maganda kwa chini. Unamimina viazi, unasubiri kidogo, vinatoka vyeupe. Wazo safi, na soko lipo hatua chache kutoka kituo cha daladala.

Chuo chao (sikitaji, si lengo la uzi) kikawapokea kwenye kituo cha ubunifu. Wakapata meza, intaneti, mafunzo ya kuandika mpango wa biashara, mafunzo ya kunadi wazo mbele ya majaji, na fulana. Wakapelekwa kwenye maonyesho, wakarudi na cheti na picha. Chumba kina viti vya rangi na ubao mweupe, kinapendeza kweli.

Siku walipoipeleka mashine kwa mkaanga chipsi, haikuwaka. Mota waliyoifunga waliitoa karakana ya chuo, nayo ni ya fezi tatu, kwa sababu karakana ya chuo ina umeme wa fezi tatu. Banda la chipsi lina LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ya fezi moja. Wakairudisha, wakatafuta mota nyingine kwa kuungaunga, wakarudi. Safari hii ikazunguka. Mama akatoa kiazi kimoja, akakigeuza mkononi, akasema: "Mwanangu, macho yote yamebaki humu. Kijana wangu bado atashika kisu." Wakaiacha izunguke zaidi ili iyafikie macho, kiazi kikatoka kidogo kama ndimu. Mama ananunua kwa gunia, ganda nene ni hela yake inayokwenda na maji. Halafu akauliza swali ambalo hakuna jaji aliyewahi kuwauliza: "Ikiharibika mwezi wa saba namtafuta nani?" Mwezi wa saba wao wameshamaliza chuo, mmoja kwao Tunduma, mwingine Songea.

Sasa hoja yangu. Mambo yote matatu, fezi, macho ya viazi na fundi wa baada ya mauzo, yangejulikana wiki ya kwanza kama msaada ungeanzia bandani badala ya kuanzia mezani. Vyuo vyetu vina kitu ambacho mtaani hakipo au ni cha kubembeleza: mashine za kukereza, mashine za kukunja bati, maabara, mafundi sanifu wanaolipwa mshahara. MUST yenyewe, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ilianza mwaka 1986 ikiwa Chuo cha Ufundi Mbeya, karakana ndiyo roho yake. Lakini jioni karakana inafungwa, kile chumba cha viti vya rangi kinabaki wazi mpaka usiku. Kijana akihitimu, kitambulisho kinaisha muda na mashine za chuo hazigusi tena, wakati ndiyo kwanza anaanza biashara.

Mimi ningeomba ufunguo wa karakana jioni, pamoja na msimamizi. Ningeomba mhitimu aruhusiwe kurudi angalau mwaka mmoja. La tatu, ambalo sijasikia mtu akilisema: chuo chenyewe kiwe mteja wa kwanza. Kantini za vyuo zinamenya viazi kila siku ya Mungu. Mashine ya kumenya viazi imekaa ghorofani ikipigwa picha, na kule chini akina mama wanamenya kwa visu. Hii imekaaje?

Karibuni tujadili. Matusi tuwaachie wa jukwaa la mpira.

#2 BumuLimekata

Mkuu umenigusa pabaya, mimi ni mmoja wa hao "kaka nisaidie" 😂

Ila usiidharau meza. Sisi wa programu za simu karakana hatuihitaji. Mimi nimepanga geto, tunachangia chumba, jirani ana spika kubwa kuliko kitanda. Intaneti ya pale kituoni ndiyo iliyonifikisha hapa, bando la kununua mwenyewe ningekuwa nimeshaacha. Na pale ndipo nilipompata binti wa uhasibu ambaye leo ndiye anayeshika vitabu vyetu. Darasani nisingemwona, yeye yuko kitivo kingine kabisa.

Mteja wa kwanza hapo nakubali mia kwa mia. Tulitengeneza mfumo wa kusimamia hosteli, tukanadi kwa majaji wa kila aina. Meneja wa hosteli hata mmoja hakuwahi kuitwa aje kusikiliza.

#3 MnyaluHalisi

Kamwene wakuu. Nachangia kutoka Iringa.

Huku kwetu tuna historia kidogo ya hivi vitu. Kuna RLabs, wazo lililozaliwa Bridgetown kule Cape Town kwa ajili ya vijana wa mtaani, likafika hadi Iringa. Kuna Kiota Hub pale Chuo Kikuu cha Iringa. Kwa hiyo siwezi kusema hakuna kinachofanyika, watu wametoka humo na wanajitegemea.

Nataka kuongeza upande wa chakula, kwa sababu Iringa vijana wengi hawatengenezi mashine. Wanatengeneza unga lishe, siagi ya karanga, asali ya kupaki, mvinyo wa matunda. Hapo shida si fezi, ni mahali pa kuzalishia. TBS, wale wa viwango, wakija hawaangalii kifungashio peke yake, wanaangalia jengo: sakafu inaoshika? dari lipo? maji yanatoka wapi? chumba cha malighafi kimetengana na cha bidhaa iliyokamilika? Mwanafunzi wa hosteli atavitoa wapi hivyo? Anasaga kwa mtu, anapaki kitandani, anauza kwa marafiki. Siku anataka kuingia supermaketi ndipo anaambiwa hana nembo, na ili apate nembo inabidi ajenge au apange jengo linalofaa, wakati hata faida hajaiona.

Chuo kikijenga jiko moja tu la pamoja, la viwango, likakaguliwa, watu wakalipia kwa saa au kwa siku, kitakuwa kimefanya kazi kuliko semina zote za "fikra za kijasiriamali". Semina hizo nimehudhuria mpaka naweza kuziendesha mwenyewe.

#4 DadaParachichi

Mnyalu umesema kweli tupu. Mimi nipo Rungwe, nakamua mafuta ya parachichi, yale matunda ambayo wanunuzi wa nje wanayakataa kwa ukubwa au kwa mikwaruzo. Nilipitia kituo cha chuo, sina ubaya nacho, ila mambo ya karatasi niliyajulia nje. Nayaweka hapa yamfae mdogo wangu yeyote anayesoma.

Jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao, huhitaji kusafiri wala kumlipa kishoka. TIN, namba ya mlipakodi ya TRA, ni bure, anayekutoza kimbia. Ukiwa mzalishaji mdogo, kabla hujaenda TBS pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, la mkoa wako upate barua ya utambulisho, kwa sababu kwa wajasiriamali wadogo wanaopitia huko serikali inabeba gharama za alama ya ubora kwa miaka 3 ya mwanzo. Wengi hawalijui hili, wanaogopa TBS kama polisi. Na ukisikia mtu anakuambia upeleke chakula chako TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, ujue habari zake ni za zamani: tangu 2019 masuala ya chakula yalihamia TBS.

Kingine, chuoni nilifundishwa kutengeneza makadirio ya mapato ya miaka mitano. Hakuna aliyeniambia kwamba parachichi hazisubiri. Leo mbichi, keshokutwa imeiva, siku mbili mbele inanuka. Ukikosa umeme siku moja katikati ya msimu umepoteza mzigo wa watu. Hilo lilinifundishwa na bibi mmoja wa Kiwira aliyekuwa akiniletea tenga.

#5 MzeeUyole

Wanangu, mimi nimeona miradi mingi ikija na kuondoka tangu enzi hizo. Mradi ukija unakuja na bango, kompyuta na gari. Ukiisha, bango linabaki, kompyuta zinakwenda kwa wakubwa, gari msiniulize.

TANZICT, ule mradi wa TEHAMA wa Wafini, ndiyo iliyosaidia kuianzisha Buni Hub, kituo cha ubunifu pale COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) Dar mwaka 2011, na mikoani nako ikafika. Ilifanya kazi nzuri, sikatai. Lakini jiulizeni, kwa nini kila kituo cha mkoani kikikosa mfadhili kinageuka ukumbi wa semina? Kwa sababu hakikujengwa juu ya kitu kinachoingiza hela. Fundi Nzovwe akikosa mfadhili hafungi karakana, anachomelea geti la jirani.

Na hizo habari za MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, tangu yaanze 2019 vijana wetu wanashinda, tunapiga makofi. Mshindi akirudi Mbeya anakuta nini? Mwulizeni.

#6 MhadhiriKarakana

Nimesoma tangu juu. Mimi ni mwalimu kwenye chuo kimojawapo cha ukanda huu na naandika kwa jina la kificho kwa sababu mnazojua.

Fundi, hoja ya ufunguo ni nzuri ila ina mwiba. Mwanafunzi akikatwa kidole saa mbili usiku kwenye mashine ya kukereza, anayehojiwa si kituo cha ubunifu, ni mkuu wa idara. OSHA, wale wa usalama mahali pa kazi, wana sheria zao. Fundi sanifu wa kusimamia jioni lazima alipwe muda wa ziada, na kasma (fungu la bajeti) ya muda wa ziada ukiiomba unaangaliwa kama umetukana. Bado sijasema biti za kutobolea zinavyoyeyuka. Asubuhi unafungua kabati unakuta boksi tupu.

La pili, mniwie radhi, mwalimu apande cheo kwa lipi? Kwa machapisho. Nikikaa na vijana wako bandani wiki nzima tukijua habari za macho ya viazi, hakuna fomu ya kulijaza hilo. Nikiandika makala kuhusu ujasiriamali wa vijana bila kumwona kijana hata mmoja, nahesabiwa.

Ila kwa msingi nakuunga mkono, na historia iko upande wako. Kituo kinachotajwa kuwa cha kwanza duniani cha kulea biashara changa hakikuwa cha chuo. Kilikuwa Batavia, jimbo la New York, mwaka 1959. Kampuni ya Massey-Harris ilifunga kiwanda chake cha zana za kilimo, mji ukabaki na jengo kubwa tupu na watu bila kazi. Familia ya Mancuso ikalinunua. Hawakupata mpangaji mmoja wa jengo zima, wakalikata vipande, wakawapangishia wadogo wadogo, na huduma kama za ofisi wakazifanya za pamoja. Mpaka mfuga kuku alikuwemo. Kwa hiyo chimbuko ni sehemu ya kufanyia kazi, yenye umeme na mlango wa kupitishia mzigo. Viti vya rangi vilikuja baadaye sana.

#7 MzeeUyole

Mwalimu, umenikumbusha ZZK. Zana za Kilimo, majembe yalikuwa yanatoka hapa hapa Mbeya. Jengo kama lile lingekatwa vipande hivyo, leo tusingekuwa na uzi huu.

#8 BumuLimekata

Mwalimu naomba kuuliza kitu kinachotusumbua. Mashine ikitengenezwa kwenye karakana ya chuo, kwa bati la chuo, na jina la msimamizi liko kwenye ripoti ya projekti, ni ya nani? Kuna jamaa yangu aliambiwa asaini fomu kabla ya maonyesho, akasaini bila kusoma, sasa anaogopa kuuza.

#9 MhadhiriKarakana

Dogo, kabla ya kusaini chochote omba sera ya miliki bunifu ya chuo. Chuo chenye kituo cha ubunifu kinatakiwa kuwa nayo na wewe una haki ya kuisoma. Humo ndimo panaposema nani anamiliki, na mapato yakija yanagawanywaje. Kama hakuna sera, andikishaneni barua fupi: wabunifu ni nani, chuo kimetoa nini, kinadai nini. Ukurasa mmoja unatosha.

Hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, inaombwa BRELA, na ujue wazo tupu halipewi hataza, lazima kiwe kitu kipya kinachofanya kazi. Pata ushauri kabla ya kukianika kwenye maonyesho, maana upya ndio unaoangaliwa. Ila kwa mashine ya kumenya viazi nisikudanganye, mashine za namna hiyo zipo duniani siku nyingi. Hapo linda jina lako kwa alama ya biashara, kisha mshinde mwenzako kwa huduma.

#10 MnyaluHalisi

Na mtaji? Maana tumezungumza yote ila hela. Kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023, mwaka uliofuata ikarejeshwa. Wanafunzi mbona hawaichangamkii?

#11 DadaParachichi

Kwa sababu ni ya vikundi, na kikundi kiwe cha wakazi wa halmashauri husika. Wanafunzi watano, mmoja wa Mbeya Jiji, mmoja Kyela, mmoja Makete, mmoja Kigoma, mmoja hajui kwao ni wapi baada ya mwezi wa saba. Afisa maendeleo ya jamii atawapitishaje? Ndiyo nasema, wale vijana wa mashine wangemshika mmoja mwenyeji wa hapa, wakasajili naye kikundi mapema, wakiwa bado mwaka wa tatu.

#12 FundiNzovwe

Nimesoma yote, asanteni. Mwalimu hasa, maana umejibu bila kujitetea kupita kiasi.

Kuhusu vidole na biti: sawa, basi wekeni ada. Kijana alipie kidogo kwa saa, hela hiyo imlipe fundi sanifu wa jioni na inunue biti. Bure ndiyo inayoyeyusha biti. Kwangu anayelipa hata kidogo anarudisha kifaa kimefutwa mafuta.

Jambo jingine ambalo sijaligusa ni kalenda. Nane Nane uwanja wa John Mwakangale wakulima wanatoka kila kona ya nyanda za juu, wana hela za mavuno na wana shida za kutatua. Wakati huo vyuo viko likizo ndefu. Kituo kimefungwa, vijana wako makwao, bandani kwa chuo amekaa ofisa mmoja na vipeperushi. Mnunuzi anauliza "hii mashine bei gani?" anajibiwa "hii ni ya maonyesho". Mimi nimesimama pale nikasikia kwa masikio yangu, nikataka kulia na kucheka.

Ila swali langu la kantini bado sijajibiwa.

#13 MhadhiriKarakana

Kantini haiendeshwi na chuo siku hizi, ina mzabuni. Anayemenya viazi ni wake, visu ni vyake. Kwa hiyo chuo hakiwezi kumlazimisha anunue mashine. Lakini kinaweza kuandika kwenye mkataba wake kwamba atapokea vifaa vya wabunifu wa chuo kwa majaribio, muhula mmoja, na kuvitolea taarifa. Hilo halihitaji hela. Linahitaji mtu mmoja wa manunuzi na mtu mmoja wa kituo cha ubunifu wakae meza moja, na hapo ndipo pagumu, hawafahamiani.

Na kwa vitu ambavyo chuo cha umma kinanunua chenyewe, samani, usafi, sare, uchapaji, sheria ya manunuzi inataka asilimia 30 itengwe kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Vijana wajisajili kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni, kama kikundi. Nilishangaa kuona kituo cha ubunifu kinafundisha kunadi mawazo kwa wawekezaji wa Dar, na hakifundishi kujaza zabuni ya jengo la pili.

#14 BumuLimekata

Hiyo ya NeST ndiyo naisikia leo. Nimeipiga picha ya skrini, naenda kuwaonyesha pale kituoni.

#15 ChipsiMafiati

Samahani wakubwa, mimi si msomi, nakaanga chipsi Mafiati, nimeletewa huu uzi na mteja wangu.

Mnaongea sana lakini hakuna aliyeniuliza. Mimi mashine siinunui. Nanunua leo, kesho jiji linatuhamisha, naibeba wapi? Na kijana anayenimenyea ni mtoto wa dada yangu, nikimtoa atakula nini. Lakini ikiwepo mashine moja pale sokoni, nikapeleka gunia asubuhi nikalipia kama ninavyolipia kusaga mahindi, nikarudi na viazi vimeshamenywa, kijana akabaki kutoa macho na kukata, hiyo nalipa hata leo. Na si mimi peke yangu. Tuko wengi tunaoamka usiku kwa ajili ya maganda.

Hiyo mashine yenyewe iko wapi sasa?

#16 FundiNzovwe

Dada yangu, au kaka, shikamoo kabisa. Mistari yako michache imewashinda majaji wote.

Mashine iko kwangu. Vijana waliiacha hapa walipomaliza, mmoja bado tunawasiliana na yupo Tunduma, akisikia hii habari ya kulipia kwa gunia atapanda gari. Nimeshaifunga mota ya fezi moja, hospawa moja, inazunguka vizuri. Njoo Jumamosi asubuhi, uje na viazi vyako mwenyewe, na uchague vile vibaya vyenye macho ya ndani.

#17 ChipsiMafiati

Jumamosi ni siku ya hela mkuu, siwezi kutoka. Jumatatu saa tatu. Na mimi ni dada.

#18 MhadhiriKarakana

Jumatatu nina kipindi mpaka saa nne. Mkinisubiri nitakuja na wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu na mizani. Tupime gunia kabla na baada, tujue maganda yanakula kiasi gani.

#19 FundiNzovwe

Saa nne na nusu basi. Mizani ninayo, mwalimu, wewe lete hao vijana.